Uso Umechorwa Sawasawa, Mtu Mwenyewe Yuko Wapi?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma uchoraji hapa Arusha na ninachora kwa mtindo wa uhalisia, yaani ninavyoona ndivyo ninavyoweka kwenye turubai. Nimealikwa kwenda Ziwa Eyasi kuchora wazee wa Kihadzabe kwa ajili ya maonyesho. Nilipomwonyesha mwalimu wangu picha za C. F. Goldie, yule aliyechora wazee wa Kimaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, na ambaye ndiye ninayemwiga, aliniambia nijihadhari, kwa kuwa picha zile "ziliwafanya Wamaori wageni nyumbani kwao". Mimi silioni hilo. Kila kunyanzi liko mahali pake. Mtu akichora kweli tupu, kosa linatoka wapi?*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza bila kuzunguka, nami nitakujibu kwa Goldie huyohuyo, kwa kuwa ndiye uliyemchagua na kwa kuwa kwake jambo hili linaonekana waziwazi.

Kwanza tumpe haki yake. Charles Frederick Goldie alizaliwa Auckland, Nyuzilandi, mwaka 1870. Katika miaka ya 1890 alikwenda Paris akasoma Académie Julian, ambako mchoraji Mfaransa Bouguereau alikuwa mmoja wa walimu, na mwaka 1898 akarudi kwao akiwa na mkono uliofunzwa barabara. Tazama anavyochora moko, zile nakshi za usoni za Wamaori. Moko ya kizamani haikuwa wino uliokaa juu ya ngozi tu. Ilichongwa kwa patasi ndogo ya mfupa, hata uso ukabaki na mifereji. Goldie aliichora mifereji hiyo pamoja na kivuli kilichomo ndani yake, na ukiikaribia picha unahisi kwamba ukipitisha kidole kitazama. Hakuna anayebisha ustadi huo, na mimi simo kabisa katika wanaoudharau.

Lakini tatizo linaanzia papo hapo kwenye ustadi. Jicho likishaiamini ngozi, linaamini na kila kitu kingine kilichomo ndani ya fremu. Linaamini vazi, linaamini ukuta wa nyuma, linaamini huzuni iliyo machoni, linaamini hata maneno yaliyoandikwa chini. Na hivyo vyote, tofauti na makunyanzi, vilichaguliwa na mchoraji.

Chukua vazi. Wamaori walioishi Auckland au waliofika huko mwaka 1900 walivaa koti, suruali, gauni na kofia kama wakazi wengine wa mji. Goldie alikuwa na akiba yake ya majoho ya kufumwa, vidani vya jiwe la kijani na manyoya. Mzee aliingia studio na nguo zake za siku ile, akavishwa joho, akaketishwa mbele ya mbao za kuchongwa au ukuta wa rangi ya udongo, mwanga ukamwangukia kutoka upande mmoja. Katika picha nyingi macho yameinama au yanatazama mbali, kama ya mtu anayekumbuka. Hakuna dirisha linaloonyesha barabara, wala gazeti mezani, wala mjukuu mlangoni. Goldie aliwaacha Wamaori ndani ya nchi yao akawatoa nje ya wakati wao. Nadhani ndicho alichotaka kukuambia mwalimu wako.

Sasa nikupe mtu mmoja, maana bila mtu haya yanabaki nadharia. Goldie alimchora zaidi ya mara moja mzee aliyeitwa Patara Te Tuhi, wa ukoo wa Ngāti Mahuta katika nchi ya Waikato. Ukizitazama picha hizo unakutana na mzee mtulivu mwenye moko, mabaki ya enzi iliyopita. Ukizitazama hizo tu hutajua kamwe kwamba huyu alikuwa mhariri wa gazeti.

Kisa chenyewe ndicho hiki. Mwaka 1859 Wamaori wawili walipanda meli ya Austria iitwayo Novara wakafika Vienna, wakajifunza uchapaji, na huko wakapewa zawadi ya mtambo wa kuchapia. Mtambo ulipofika Waikato ukatumika kuchapa Te Hokioi, gazeti la lugha ya Kimaori lililosimama na harakati za Wamaori kuwa na mfalme wao na kuzuia ardhi isiuzwe. Patara Te Tuhi ndiye aliyekuwa mhariri wake katika miaka ya 1862 na 1863. Maandishi yake yaliiuma serikali ya kikoloni kiasi kwamba nayo ikaanzisha gazeti la Kimaori la kumjibu. Julai 1863 majeshi yakaingia Waikato, na baada ya vita serikali ikataifisha zaidi ya ekari milioni moja. Mwaka 1884 Patara Te Tuhi alikuwa katika msafara wa Mfalme Tāwhiao uliokwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi kwa Malkia Victoria. Malkia hakuwaona. Walipokewa na waziri wa makoloni, na shauri lao likarudishwa kwa serikali ileile waliyokuwa wakiilalamikia.

Huyo ndiye mzee aliyeketi mbele ya Goldie, mtu aliyejua jinsi herufi za uchapaji zinavyopangwa, aliyebishana na serikali kwa maandishi, aliyevuka bahari na madai mkononi. Kila kunyanzi katika picha ni lake kweli, ila mambo yaliyoyachimba hayamo hata moja.

Pamoja na vazi na macho kuna majina ya picha, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu wachoraji vijana hulidharau jina wakidhani ni kibandiko tu. Nikiyatafsiri, majina aliyoyapenda Goldie ni kama "Kuchoshwa na Miaka", "Kumbukumbu", "Masalia Adhimu ya Taifa Adhimu", na hata "Mla Watu wa Mwisho". Mara nyingi jina la mtu na ukoo wake huandikwa pia, lakini hutanguliwa na maneno hayo, na mtazamaji akifika kwenye jina la mtu ameshaambiwa nini cha kuhisi. Katika picha ya 1903 Goldie alimweka bibi mmoja, Ina Te Papatahi wa ukoo wa Ngāpuhi, kando ya sanamu ya mti ya kuchongwa, akaipa picha jina ambalo Waingereza hulitumia kwa mume na mke waliozeeka pamoja. Yaani mwenzi wa bibi huyu ni gogo. Ina Te Papatahi alikuwa mpwa wa Patuone na Wāka Nene, machifu wawili waliotia saini Mkataba wa Waitangi, ule wa Wamaori na ufalme wa Uingereza, mwaka 1840.

Kuna nyingine ya 1905 ambayo huenda umeiona, maana inapendwa sana: mzee anacheka, kichwani ana kofia ngumu ya duara ya Kizungu. Jina lake lina maana ya "Sawasawa na Mzungu tu", lakini limeandikwa kwa Kiingereza kilichobanangwa makusudi, tahajia imepindwa ili msomaji amsikie mzee akishindwa kutamka. Wazee wa Kenya wanaokumbuka Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi wa Kizungu, wataielewa hila hii haraka. Kule lugha iliyovunjwa ilikuwa ya Mwafrika na aliyeivunja alikuwa mlowezi, lakini bado aliyeonekana mjinga ni mtumishi aliyesimama mbele yake. Na mzee yule wa kofia ni nani? Ni Te Aho-o-te-Rangi Wharepu, mpiganaji wa vita vya Waikato, mjuzi wa kujenga ngome na kubuni mitumbwi ya vita. Picha imemgeuza kuwa mtu wa kuchekwa kwa sababu ya kofia.

Usidhani Goldie alikuwa na chuki. Alizoeana na watu aliowachora, aliwalipa, na Ina Te Papatahi ndiye aliyempelekea wazee wengine wengi. Lakini alikuwa akichora ndani ya imani ya zama zake. Sensa ya 1896 ilihesabu Wamaori wapatao 42,000 tu, baada ya maradhi yaliyokuja na meli, vita na kupotea kwa ardhi. Walowezi wengi waliona jambo limekwisha. Tangu 1856 mwanasiasa Isaac Featherston amenukuliwa akisema kwamba kazi ya mkoloni mwenye huruma ni kuwalainishia Wamaori mto wa kulazia kichwa wanapokufa. Picha za Goldie zilikuwa sehemu ya mto huo. Mlowezi aliyetundika sebuleni mzee anayesinzia katika kumbukumbu zake alijihakikishia kwamba mambo yale yalikuwa ya kale, ya kusikitikiwa, na kwamba hakuna aliyebaki wa kumdai.

Na miaka ileile, nchi ileile, mambo yalikuwa yakienda kinyume kabisa. Hesabu ya Wamaori ilikuwa imeanza kupanda, na leo wanaojitambulisha kwa jina hilo wanakaribia laki tisa. Wamaori walikuwa na viti bungeni tangu sheria ya 1867. Apirana Ngata alipata shahada yake 1893 na akaingia bungeni 1905, mwaka uleule wa picha ya kofia. Māui Pōmare, daktari, aliteuliwa 1901 kusimamia afya ya Wamaori. James Carroll alikuwa waziri tangu miaka ya 1890. Kizazi hicho hakimo katika picha zilizompa Goldie jina. Mtu angeweza kuzunguka maonyesho yake yote asijue kwamba Mmaori anaweza kuwa kijana.

Nisisahau mchoro mkubwa uliomtangaza, ule wa 1898 aliouchora pamoja na Louis John Steele, unaoonyesha Wamaori wa kwanza wakifika Nyuzilandi. Waliuegemeza kwenye mchoro wa Mfaransa Géricault wa mabaharia Wafaransa waliovunjikiwa na jahazi wakabaki juu ya chelezo. Kwa hiyo waliovuka Pasifiki kwa elimu ya nyota, mawimbi na ndege wamechorwa wamekonda, wamezagaa, wananyoosha mikono kwa nchi kavu kana kwamba wameiokota. Mtu wa Lamu akiuona mchoro huo atauliza jambo moja tu: nahodha yuko wapi? Mbavu zimechorwa vizuri, misuli imechorwa vizuri, na historia yote imekwenda upande.

Kama ningeishia hapa ungeweza kusema basi uhalisia wenyewe ndio mbaya, tuuache. La. Kuna mtu wa pili, na huyu ndiye ninayetaka umsome zaidi ya Goldie.

Gottfried Lindauer alizaliwa 1839 Plzeň, huko Bohemia, akasomea uchoraji Vienna, akafika Nyuzilandi 1874. Naye ni mhalisia, tena mara nyingi alichora kwa kufuata picha za kamera. Wateja wake walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni Henry Partridge, mfanyabiashara wa tumbaku wa Auckland, aliyetaka mkusanyo wa machifu na maisha ya zamani. Kwake Lindauer alichora majoho, mikuki na matukio ya kale yaliyopangwa kama mchezo wa jukwaani. Mwaka 1915 Partridge alizitoa picha hizo kwa jumba la sanaa la Auckland, kwa sharti kwamba wakazi wachange pauni 10,000 za kuwasaidia wakimbizi wa Ubelgiji.

Wateja wa pili walikuwa Wamaori wenyewe. Walimwita, wakamlipa, wakamwambia wanavyotaka. Na wengi walitaka nini? Koti jeusi, mnyororo wa saa kifuani, gauni la hariri, mara nyingine kidani cha jiwe la kijani juu ya gauni hilo, moko ikionekana vizuri, macho yakimtazama mtazamaji usoni. Picha hizo hazikwenda makumbusho. Zilikwenda kwenye majumba ya mikutano ya koo na nyumba za familia, na siku ya msiba ziliwekwa karibu na marehemu, pamoja na picha za waliomtangulia, ili wazee wawe pamoja naye. Watoto waliambiwa: huyu ni babu yako, msalimie.

Linganisha basi. Mchoraji yuleyule, mafuta yaleyale, brashi ileile. Alipoagizwa na mkusanyaji, Mmaori alikuwa mfano wa kabila lake na wa wakati uliopita. Alipoagizwa na familia, alikuwa bwana fulani, baba wa fulani, mwenye moko na mwenye saa, bila mgongano wowote kati ya hivyo viwili. Ukitaka kujua kama picha imemweka mtu nje, anza kwa kuuliza ilitundikwa ukuta wa nani.

Hata hivyo mambo hayakukaa kama walivyoyapanga wachoraji. Wazao wa waliochorwa wamezichukua picha hizi, hata za Goldie, na kuzirudishia watu wake. Wakifika jumba la sanaa husimama mbele ya mzee wao, wakamsalimu, wakamwimbia, wakalia. Kwao zile "masalia" ni babu na bibi wenye majina na viwanja. Picha za Lindauer zilipoonyeshwa Berlin mwaka 2014, wajumbe wa Kimaori walisafiri nazo kama mtu anavyomsindikiza mzee safarini. Mwaka 2017 picha zake mbili ziliibwa Auckland kwa kuvunja kioo kwa gari, na zilipopatikana Desemba 2022 habari hiyo ilipokewa kama kurudi kwa watu waliopotea. Nami nikitafuta sababu narudi kwenye ule ustadi tuliouanza nao. Kama Goldie na Lindauer wangechora ovyo, wazao wasingekuwa na uso wa kuusalimu. Kwa hiyo usiache kuchora kunyanzi.

Ila usimwige Goldie katika kila jambo: alikuwa akinyoosha ncha ya brashi kwa midomo, na rangi nyeupe yenye risasi ikamsumisha, akaacha kuchora miaka ya mwanzo ya 1940. Alifariki 1947.

Hata hapa kwetu mkondo huu ulifika. Ukipita makumbusho ya taifa Nairobi utaziona picha za Joy Adamson. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwajiri achore watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mavazi na mapambo yaliyokuwa yakitoweka, naye akachora mamia. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na kwa shanga na ngozi ni hazina. Lakini zilichorwa katika miaka ya madai ya ardhi, vyama vya wafanyakazi, na kisha Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Tazama nyuso zile kisha utafute dalili yoyote ya Kenya hiyo. Wamesimama peke yao juu ya karatasi, bila ardhi chini ya miguu, katika nchi ambayo ugomvi wote ulikuwa wa ardhi.

Sasa safari yako ya Eyasi. Utakapofika upande wa Mang'ola utaona kwamba watalii hupelekwa alfajiri kuwafuata Wahadzabe mawindoni, na kwamba wanaopokea wageni wanajua wageni wanataka kuona ngozi za nyani, upinde na moto wa kupekecha. Ukiketi hapo na turubai lako utapata picha ya kweli ya kitu kilichoandaliwa kabla hujafika. Utachora ulichokiona, na utakuwa umerudia studio ya Goldie bila kujua.

Mimi ningekaa siku kadhaa kwanza bila brashi. Ningemuuliza mzee angependa kuchorwa akiwa na nguo gani na akiwa wapi, na akisema anataka shati lake la mitumba na redio mkononi, basi ni shati na redio. Akitaka ngozi na upinde, vizuri pia, maana sasa ni uamuzi wake. Ningejifunza habari za ardhi yao kabla ya kuchora mti hata mmoja. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, baada ya miaka mingi ya kubanwa na wakulima na wafugaji. Kuna wazee huko wanaojua mipaka, vikao na mihuri kama wanavyojua njia za asali. Mzee wa namna hiyo ukimchora akitazama moto tu, utakuwa umemfanyia alichofanyiwa Patara Te Tuhi.

Tena uliza mapema picha zitabaki kwa nani. Wanaokualika wanataka maonyesho, sawa, lakini familia ipate nakala nzuri, iliyochapwa vizuri, siyo picha ya simu. Na chini ya kila picha weka jina la mtu kwanza, jinsi mwenyewe anavyolitamka, kisha mahali anapoishi, kisha jambo moja alilokuambia akaruhusu liandikwe. Usiandike "wa mwisho", usiandike "anayetoweka". Lugha yao haina ndugu wa karibu, na vidoko vyake vitakushinda mwanzoni. Mwambie arudie jina lake mpaka uliandike sawasawa.

Ukimaliza ya kwanza, nitumie. Nitaanza kusoma jina, kisha nitatazama uso.